Premio ya Afande: linki mpya, shokapu zimebadilishwa, na kelele bado iko palepale

Gari ni Toyota Premio ya 2003, injini 1.8, otomatiki. Mwenyewe ni mzee aliyestaafu jeshi, anakaa Bombo, hapa Uganda kaskazini ya Kampala, nitamwita Afande tu maana hata pale mtaani kila mtu anamwita hivyo. Kelele ilikuwa mbele, zaidi upande wa kushoto, katakatakata nyepesi ya chuma kinachochezacheza, si ule mlio mzito wa du! unaousikia boljointi (kiungo cha mviringo kinachoshika gurudumu na mkono wa chini) ikiisha. Mpaka gari inanifikia ilikuwa imeshabadilishwa linki mbili za stabilaiza (vijiti vinavyounganisha magurudumu na bomba inayozuia gari kulala kwenye kona) na shokapu mbili za mbele, halafu gereji ya tatu ikamwambia ugonjwa ni raki ya stiaringi, ile inayogeuza magurudumu ukizungusha usukani, atafute shilingi laki sita. Na muda wote huo kelele haijapungua hata kidogo.

Naiandika hii kesi yote kuanzia mwanzo kwa sababu mwisho wake ulikuwa vipande vidogo vya bati ambavyo bei yake hata haifiki ya chakula cha mchana cha watu wawili pale Wandegeya, Kampala, na kwa sababu naona watu wengi wanakimbilia kusema makanika wote wezi, na mimi sikubali. Makanika waliopitia hii gari walikuwa na tatizo lingine kabisa, nitalifikia.

Kabla sijashika spana nilikaa na mzee tukaongea. Hapo ndipo kazi kubwa inafanyika na hapo ndipo watu wanaruka.

"Mzee, hii kelele ilianza lini?"

"Baada ya Idd, kama wiki moja hivi baadaye."

"Na kabla ya hapo gari iliingia gereji kufanya nini?"

"Hapana, haikuwa na ugonjwa. Waliweka pedi za breki tu."

Hilo "tu" ndilo lililonifanya nisogeze kiti. Gari ambayo haikuwa na kelele, ikaguswa, ikatoka na kelele, mahali pa kwanza pa kutazama ni pale ilipoguswa. Si lazima iwe ndiyo sababu, inawezekana kabisa linki ikafa wiki hiyohiyo kwa bahati mbaya, lakini unaanzia hapo kwa sababu kuangalia ni bure na kunachukua muda mfupi. Gereji ya pili na ya tatu hakuna aliyemuuliza hilo swali. Walimuuliza "inalia wapi?", akasema mbele, basi wakaanza kukung'uta mbele.

Tukaendelea. Nikamwambia mzee sahau majina ya spea, usiniambie shokapu wala raki, niambie tu wapi inalia na wapi inanyamaza. Afande ni mtu wa kuripoti, akaanza kunipa mmoja mmoja: kwenye lami nzuri ya barabara ya Gulu iko kimya. Kwenye hampu, yale matuta ya barabarani, za pale senta iko kimya. Kwenye barabara ya vumbi ya kuingia nyumbani kwake inalia mwanzo mpaka mwisho, hasa zile sehemu zenye mawimbimawimbi. Akikata kona hakuna tofauti. Akianza kuondoka hakuna tofauti. Akiwa Bwaise, Kampala, kwenye mashimo, mara inalia mara hailii.

Hiyo "mara inalia mara hailii" wengi wanaipuuza wanaona mwenye gari hajui anachosema. Mimi naona ndiyo habari yenye thamani kuliko zote. Shimo ni lilelile, gari ni ileile, kwa hiyo kuna kitu dereva anafanya mara moja na mara nyingine hafanyi. Na kwenye mashimo ya Bwaise dereva anafanya nini? Anakanyaga breki. Kwenye hampu pia kila mtu anakanyaga breki kabla hajapanda. Kwenye vumbi la kwenda nyumbani kwake hakanyagi, anaachia tu inatembea polepole.

Tukatoka na gari kwenda ileile barabara ya vumbi, vioo vyote chini, redio imezimwa, nikatafuta mahali penye ukuta mrefu upande wa kushoto, maana ukuta unarudisha sauti ya chini ya gari na unaisikia vizuri zaidi kuliko kwenye uwazi. Kabla ya hapo buti tulishaitoa kila kitu, jeki, spana ya magurudumu, tairi la akiba, hata kigaloni cha maji, kwa sababu jeki iliyolegea ndani ya buti imeshakula pesa za watu wengi. Nikaenda kama kilomita 25 kwa saa, inalia. Nikiwa bado nimekanyaga mafuta kidogo kwa mguu wa kulia, nikaweka wa kushoto juu ya breki, nikaigusa tu, si kusimamisha gari, ni kuigusa mpaka pedi zifike kwenye diski. Kelele ikakatika palepale. Nikaachia, ikarudi. Nikagusa, ikakatika. Nikamwambia mzee aingie aendeshe mwenyewe afanye vilevile, akafanya, akasimamisha gari, akanitazama bila kusema kitu.

Kwa nini hii testi inasema sana? Pedi za breki hazijafungwa kwa bolti. Zinakaa ndani ya braketi, chuma kinachozibeba, kwa masikio yake mawili, juu na chini, na zinatakiwa zitelezeteleze mle ndani kwenda mbele na nyuma. Kati ya sikio la pedi na braketi kuna klipu, kibati chembamba chenye springi, kazi yake ni kuishika pedi isichezecheze lakini iendelee kuteleza. Klipu ikikosekana, nafasi inabaki wazi, na gari ikipita kwenye mawimbi madogo pedi inagongagonga chuma kwa chuma. Ukigusa breki pistoni inazibana pedi kwenye diski, haziwezi tena kucheza, sauti inakufa. Linki ya stabilaiza haijui kama umegusa breki. Shokapu haijui. Raki haijui. Vitu hivyo vikiwa vimekufa vitaendelea kulia tu mguu wako ukiwa kwenye breki kidogo hivyo.

Lakini testi ya barabarani peke yake haitoshi kumwambia mtu usinunue raki, kwa hiyo tulinyanyua gari mbele na kuiweka juu ya stendi, si jeki peke yake, na tukapitia kila mshukiwa. Tairi nikalishika juu na chini nikalitikisa, hakuna mchezo, kwa hiyo beringi nzuri na boljointi inaelekea nzuri. Mtaimbo chini ya tairi nikanyanyua, boljointi haikusogea. Nikalishika kushoto na kulia, hapo ndipo raki na tairodi endi (kiungo cha mwisho wa raki kwenye gurudumu) zinajisema, na raki ilikuwa imetulia kabisa, hakuna hata kale kamlio kadogo. Bushi za mkono wa chini zina nyufa za umri lakini hazijaachana, na hizo zikiachana utasikia mlio mmoja wa kugonga ukifunga breki na mwingine ukiondoka, si katakata ya mfululizo. Linki ni mpya. Shokapu zimekauka, hazivuji.

Kuhusu linki niongeze kidogo kwa sababu ndiyo spea inayouzwa zaidi ya zote kwa kelele za mbele. Ile bomba ya stabilaiza inafanya kazi pale gurudumu moja linapopanda na jingine halipandi, ndipo inajikunja na linki zinavutwa. Ukipanda hampu iliyonyooka, magurudumu yote mawili kwa pamoja, linki hazivutwi sana. Kwa hiyo kelele ya linki inapenda barabara iliyopinda, shimo la upande mmoja, kuingia geti kwa mshazari. Ukitaka uhakika fungua linki zote mbili, zifunge pembeni kwa waya zisiguse kitu, tembea polepole mtaa mmoja, kama kelele ipo basi si linki wala bushi za ile bomba. Usiende mbali hivyo wala usikimbie, gari italala sana kwenye kona. Hiyo testi ni bure, na ingemwokolea Afande linki mbili.

Basi tukafungua gurudumu la kushoto. Sikuhitaji hata chombo, nilishika pedi ya nje kwa vidole viwili nikaitikisa na mzee akasikia kelele yake mwenyewe pale uani kwake, gari imesimama. Upande wa kushoto klipu zote hazipo. Upande wa kulia zimebaki mbili tu. Raba ya kufunika pini ya kalipa (chuma chenye pistoni kinachobana pedi) imechanika na pini yenyewe kavu, haina grisi, na bolti moja ya pini niliifungua kwa nguvu ndogo sana, nguvu ya mkono tu. Hapo nilinyamaza kidogo maana kelele ni kero lakini ile bolti ikitoka kalipa inaweza kunyanyuka na kugonga rimu, na hii gari mzee anapandisha nayo wajukuu kwenda Kampala kwenye barabara yenye malori ya kwenda Juba, Sudan Kusini.

Sasa gereji. Ya kwanza ndiyo iliyoweka pedi. Alichofanya yule kijana nakielewa kwa sababu nimekiona mara nyingi: klipu za zamani zilikuwa zimeshika kutu, zikavunjika wakati wa kutoa, boksi la pedi za bei nafuu halikuja na klipu mpya, mteja amesimama pale anaangalia saa, pedi zikaingia bila klipu na breki ikashika vizuri tu, gari ikaondoka. Mzee aliporudi na kelele, kijana akatikisa linki, moja ikawa inacheza kweli, akaibadilisha na ya pili pamoja. Najua ilikuwa inacheza kwa sababu linki za zamani Afande alizidai, zilikuwa kwenye buti, nikazishika mwenyewe: ya kushoto imelegea, ya kulia bado ngumu kabisa. Kwa hiyo hakudanganya. Alipata kitu kilichochoka akafikiri ndicho kinacholia, na kwenye gari ya umri huu mbele utapata tu kitu kilichochoka.

Gereji ya pili iliendesha gari mpaka hampu ya mbele ya geti yao, ikarudi, ikasema shokapu. Fikiria hiyo testi: mtu anakwenda kwenye hampu, anafunga breki, anapanda, anashuka, anafunga tena breki kugeuza. Mguu hautoki kwenye breki. Hii kelele haiwezi kusikika hivyo hata mwaka mzima. Wakaweka shokapu zilizotumika kutoka Japani, na za zamani hawakumpa, kwa hiyo mpaka leo hatuwezi kusema kama zilikuwa zimekufa au zilikuwa nzuri. Gereji ya tatu haikuendesha kabisa. Walisikia linki na shokapu zishabadilishwa, wakahesabu kilichobaki, wakasema raki.

Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Katika gereji zote tatu hakuna aliyelipwa hata shilingi kutafuta. Pesa yote ilikuwa ya kufunga spea, pesa ya ufundi ya kufunga spea, na ile kamisheni ya dukani anayopewa makanika akileta mteja, ambayo kila mtu anaijua. Makanika akitumia saa mbili akagundua ni klipu, anapata nini? Mteja atamwambia asante ssebo, yaani asante bwana, atampa elfu tano ya soda na kuondoka. Akisema shokapu, siku yake imelipwa. Mtu hahitaji kuwa mwizi hapo, anahitaji tu kuwa na kodi ya nyumba na ada ya watoto, na akili yenyewe inaegemea upande wa spea bila yeye kujua. Sisi wenye magari ndio tumeujenga huo mpango, tunakataa kulipa kitu ambacho hatuwezi kukishika mkononi.

Kwa hiyo ninachowaambia watu ni hiki: kubaliana pesa ya kutafuta ugonjwa kabla gari haijanyanyuliwa, iwe elfu thelathini, iwe elfu hamsini, kulingana na mahali, na useme wazi kwamba hiyo utalipa hata kama jibu ni kukaza bolti moja. Utashangaa jinsi mtu anavyobadilika. Halafu keti upande wa abiria wakati wa kujaribu gari, mpeleke wewe kwenye barabara ile inayolia, usikubali ya mbele ya gereji. Akisema spea fulani imekufa mwambie nionyeshe, niishike, nione inavyocheza, na kama ni kitu kisichoshikika akueleze kwa nini anaamini hivyo. Sina maana umfanyie mtihani wa kumdharau, kuna njia ya kuuliza kwa heshima na makanika mzuri anapenda kuonyesha. Na usiingie na jina la spea mdomoni. Ukifika ukasema "shokapu zangu zimekufa" utabadilishiwa shokapu, na kelele ikibaki atakuambia wewe ndiye uliyesema shokapu, na atakuwa na haki.

Spea ya zamani inarudi kwenye buti yako, isafishwe kidogo, iwekwe kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, hata kama huna kazi nayo. Si kwa ajili ya kumkamata mtu. Ni kwa sababu siku kelele isipopona, ile spea ndiyo ushahidi wa kilichokuwa kizima na kilichokuwa kimekufa, inakuokolea muda wa kutafuta tena kutoka sifuri. Linki za Afande zilisaidia, shokapu zimebaki swali.

Mzee alitaka twende gereji ya kwanza siku hiyohiyo na alikuwa na hasira, na hasira ya mwanajeshi mstaafu ni jambo la kuheshimu. Nikamwomba alale nayo kwanza. Asubuhi tukaenda, nikamwomba mimi nianze. Sikusema umeharibu. Nilimwambia yule kijana njoo tuendeshe gari pamoja, tukaenda kwenye barabara mbovu, nikamwambia gusa breki kidogo, achia, gusa tena. Alielewa mwenyewe kabla hatujageuza. Akasema, "Ni zile klipu, zilivunjika, nilidhani haina shida, mzee nisamehe." Afande akamwambia, "Mwanangu, si ungeniambia zimevunjika, ningenunua." Ndiyo ilikuwa hasira yote iliyobaki.

Klipu tulizipata Kisekka, soko la spea la Kampala, kwenye kalipa za Premio zilizotolewa kwenye magari yaliyokufa. Magari haya hayamaliziki: tangu 2018 sheria inakataza kuingiza nchini gari lililozidi miaka 15 tangu kutengenezwa, lakini yaliyokuwa yameshaingia bado yanatembea na yakifa yanalisha mengine spea. Nenda na braketi yako mkononi, usiende na jina la gari tu, maana Premio moja na nyingine breki zinaweza kutofautiana ukubwa kulingana na injini. Angalia klipu isiwe imepinda wala kuliwa na kutu kwenye ile sehemu ya springi. Kijana akasafisha braketi kwa brashi ya waya mpaka chuma kikaonekana, hii watu wanairuka halafu klipu inakaa juu ya kutu na pedi inabana, inakula upande mmoja na diski inachemka. Raba za pini zikawekwa nyingine, pini zikapakwa grisi ya silikoni ya breki, si ile grisi ya kawaida ya beringi, ya kawaida inavimbisha raba na baada ya muda pini inakwama. Bolti zikakazwa kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, aliyoazima kwa jirani. Ufundi hakudai, Afande alilipia klipu na raba tu.

Barabara ya vumbi, kimya.

Raki haikununuliwa. Gereji ya pili tulipita pia kuulizia shokapu za zamani, walisema zilishachukuliwa na watu wa vyuma chakavu, baada ya mazungumzo marefu wakarudisha nusu ya pesa ya ufundi, na sidhani tutapata zaidi. Kitu ambacho hawakumwambia mzee ni kwamba ukifungua shokapu ya mbele kwenye gari kama hii unafungua zile bolti mbili zinazoishika na nako la gurudumu, chuma kinachobeba gurudumu, na ukizirudisha gurudumu linaweza kulala ndani au nje kidogo, kwa hiyo alainimenti, kupima na kunyoosha magurudumu, ni lazima baadaye. Tulipoipima, kushoto ilikuwa imetoka nje ya kipimo na ukingo wa ndani wa tairi ulikuwa umeanza kulika. Imerekebishwa, hilo tairi tumelihamishia nyuma, na mzee ameagiza klipu mpya za boksi maana hizi za Kisekka nimemwambia azitumie mpaka pedi zinazofuata.